Muhuri wa Posta Una Thamani: Usiibandue Stempu Kabla ya Kuuliza

Kitengo chetu kinapokea stempu nyingi za zamani kutoka kwa wananchi wanaotaka kujua bei. Tunawashukuru. Tatizo ni kwamba nyingi zimeshaloweshwa, zikabanduliwa na kupunguzwa kingo, na muhuri, yaani alama ya mahali na tarehe ambayo posta huigonga juu ya stempu, umebaki nusu.

Muhuri uliopinduka au kufifia si adimu. Karani alikuwa na haraka, basi. Adimu ni muhuri unaothibitisha mahali na wakati ambao stempu peke yake haiwezi kuuthibitisha. Mfano ni stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria. Nyingi ni za bei ndogo, lakini posta ya Zanzibar, iliyofunguliwa tena mwaka 1875 chini ya posta ya India, ilizitumia hadi Novemba 1895 bila kuongezwa neno lolote la Zanzibar. Ukilikata jina la posta, umebaki na stempu ya India. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanza 1935, ni vivyo hivyo: muhuri ndio unaosema kama barua ilitoka Bukoba au Kisumu.

Neno JAMHURI kwenye stempu za Zanzibar za 1964 si muhuri wa posta, ni chapa ya nyongeza, yaani neno lililopigwa juu ya stempu zilizokwisha kuchapishwa. Tumelieleza hili mara nyingi. Baadhi zilipigwa kwa mkono, kwa hiyo za kughushi ni nyingi.

Chunguza kwa lenzi ya mara 10. Tarehe isitangulie kutolewa kwa stempu, na mstari wa muhuri uendelee bila kukatika hadi kwenye bahasha. Stempu zenye thamani ya pauni za Kenya na Uganda za miaka ya 1920 zikaguliwe pia kwa taa ya urujuanimno: nyingi zilitumika kwenye hati za ushuru, kisha wino ukaoshwa na muhuri bandia ukapigwa. Ikibidi kukata, acha sentimita 2 kila upande na muhuri wote.

Kufuta muhuri ili stempu itumike tena, au kutengeneza muhuri wa posta bandia, ni kosa la jinai. Anayetumwa kupeleka barua yenye stempu au muhuri wa aina hiyo naye anaweza kuhojiwa. Ukileta stempu, leta bahasha nzima na orodha nakala mbili zilizosainiwa. Moja tutaigonga muhuri wa kupokea, uondoke nayo. Picha za simu hatuzikadirii, kwa sababu hubadilisha rangi ya wino.