Je, wajua kwa nini boksi la Scrabble haliwezi kuandika "Haraka haraka haina baraka"?

Chukua boksi la Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga maneno ubaoni kwa vipande vya herufi vyenye alama, mwaga vipande vyote mezani, kisha jaribu kuandika methali hii anayoijua kila mtoto wa shule: Haraka haraka haina baraka. Hutafika mwisho. Methali ina herufi 23, na 11 kati ya hizo ni A. Boksi zima lina A 9. K zinatakiwa 3, iliyopo ni 1. H zinatakiwa 3, zipo 2. Vile vipande viwili vitupu, ambavyo mchezaji huvigeuza herufi aitakayo, vitaziba mapengo mawili, na matatu yatabaki wazi. Wakati huohuo E 12 zimekaa pembeni bila kazi, maana methali yote haina E hata moja.

Chanzo ni gazeti. Miaka ya 1930, Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za mbele za magazeti ya Kiingereza. Herufi iliyojitokeza sana aliipa vipande vingi na alama chache. Iliyo adimu, alama nyingi. Ndiyo maana Z ina alama 10 na K ina 5. Jina Scrabble lilikuja mwaka 1948, lakini hesabu ni ile ya Butts.

Ilete hesabu hiyo kwenye Kiswahili uone. Kusoma, kucheza, kiti, kitabu: kumpa mtu alama 5 kwa K ni kumlipa kwa kuokota mchanga ufukweni. Q na X nazo hazina pa kwenda, na mchezo ukiisha zingali mkononi, unakatwa alama 18.

Kuna jambo la ndani zaidi, na ndilo linalonivutia kuliko yote. Anayejifunza Scrabble ya Kiingereza huambiwa mapema aitunze S, kwa sababu ukiibandika mwishoni, majina mengi yanakuwa wingi. Kiswahili hufanya kazi hiyo mbele: kiti, viti, mti, miti. Kitenzi nacho hukua kuelekea mbele na nyuma. Fahamu, fahamisha, kufahamisha, nitakufahamisha. Hesabu hilo la mwisho: herufi 15. Ubao una visanduku 15 kwa mstari, kwa hiyo linajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Je, hilo ni neno moja au sentensi nzima? Ukifungua kamusi utakuta "fahamisha", hutakuta "nitakufahamisha". Wachezaji wasipokubaliana kabla ya kuanza, watashinda wanabishana. Mimi ningeruhusu kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi na chenye ku-, pamoja na wingi wa majina, basi. Nafsi na nyakati zisubiri waliobobea.

Naandika haya kwa sababu vijana wetu wanaupenda ushindani wa maneno. Vilabu vya Scrabble vipo Kenya, Uganda na Tanzania, na Afrika imeshatoa bingwa wa dunia: Wellington Jighere wa Nigeria, aliyeshinda Perth, Australia, mwaka 2015. Ila mashindano hayo ni ya Kiingereza, na kijana anayejua kwamba "qi" na "za" zinakubalika huko hajawahi kuulizwa neno la Kiswahili lenye herufi mbili. Yapo tele: wa, ya, la, cha hapana (hizo ni tatu), na, ni, si, au, fa, la tena kwa maana ya kula.

Tena vijana hawa hawaanzi mikono mitupu. Wametegana vitendawili na kudai mji. Wamesema kinyume, ule mchezo wa kuhamisha silabi ya mwisho mbele: nyumba ikawa mbanyu, kimya ikawa myaki. Sikiliza hapo: mb na my hazikukatwa katikati. Sikio la mtoto linajua zinakwenda pamoja. Kuna seti za Kihispania zenye CH kwenye kipande kimoja, na Kiwelisi kina LL. Sisi tungeweza kuipa NG' kipande chake, la sivyo ng'ombe atakosa pa kulala, maana hakuna kipande kinachobeba ile alama inayomtofautisha na ngoma.

Kuhesabu herufi za Kiswahili ili tupate seti yetu hakuhitaji mashine. Darasa moja, gazeti moja la Kiswahili, kila kundi aya yake, vijiti vya tano tano kwenye daftari. Changanyeni kurasa: habari, barua za wasomaji, hadithi, mashairi. Ukurasa wa michezo usisimame peke yake, kwa kuwa majina ya wachezaji wa nje yatawaletea X na Q ambazo Kiswahili hakina.