Gharama isiyojumlishwa ya mtu asiye na makazi

Imani kwamba mtu asiye na makazi haigharimu serikali chochote hadi apewe nyumba imedumu kwa miaka mingi, nayo si sahihi. Gharama ipo tangu usiku wa kwanza. Ila imetawanyika katika hesabu za idara mbalimbali, na kwa kawaida hakuna anayeijumlisha.

Chukua kidonda cha mguu. Mwenye chumba hukiosha, hukifunga bendeji kavu, na baada ya siku chache hupona. Anayelala kwenye baraza ya duka hukivalia soksi ileile yenye unyevu wiki nzima, mpaka kinaoza, ndipo gari la wagonjwa linapoitwa, analazwa siku kadhaa, kisha anaruhusiwa kurudi kwenye baraza ileile. Bili hulipwa na umma.

Kanada ilipima jambo hili kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano, ukiwemo Toronto, kwa kuwapa makazi na msaada watu wenye maradhi ya akili, bila kuwawekea sharti la kutibiwa kwanza. Kwa asilimia 10 waliokuwa wakigharimu zaidi, kila dola 10 zilizowekezwa ziliokoa wastani wa dola 21.72 katika huduma nyingine za umma. Kwa wenye mahitaji ya wastani akiba ilikuwa dola 3.42 tu, na ni haki kulisema hilo waziwazi; lakini hata hizo zilikuwa zikitumika kabla, bila kumpatia mtu mlango wa kufunga usiku.