Kadi ya damu, masika ya Pemba na kimeng'enya kinachodanganya

Mtoto akiletwa na bandama iliyovimba, hapa Pemba wazazi hufikiria malaria, na daktari huongeza selimundu. Ni sawa kuanzia hapo. Lakini malaria imepungua sana visiwani, na kama kipimo cha selimundu hakikuonesha kitu huku tumbo linazidi kujaa na chembe sahani (zinazogandisha damu) zinashuka, mimi huomba matone machache ya damu yakaushwe kwenye kadi ya karatasi inayonyonya. Hapo nautafuta ugonjwa wa Gaucher.

Ni ugonjwa adimu wa kurithi. Kimeng'enya (protini inayovunjavunja vitu mwilini) kiitwacho glukoserebrosidasi hakifanyi kazi yake, basi mafuta ambayo kingeyavunja hurundikana kwenye bandama, ini na uboho. Baba na mama wakiwa wote wamebeba kasoro hiyo, wenyewe wazima kabisa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo maana huwauliza wazazi, kwa adabu, kama wana udugu.

Kadi yenyewe kinamama wengi wanaijua, maana ndiyo inayotumika kumpimia mtoto mchanga VVU. Robert Guthrie wa Marekani ndiye aliyeieneza miaka ya 1960 kwa kupima watoto wachanga. Ili kukipima kimeng'enya, maabara hutoboa kisahani cha karatasi hiyo cha milimita 3.2 tu, chenye takriban mikrolita 3 za damu.

Tabu yetu ni kukausha. Kadi inataka saa 3 au 4 kivulini, lakini wakati wa masika ni kama karafuu jamvini: unaigusa juu kavu, ndani mbichi. Ikifungwa hivyo kwenye mfuko, unyevu na joto hukiua kimeng'enya njiani, na jibu hurudi "kiko chini" kwa mtoto asiye na Gaucher. Upungufu wa damu nao huchangia: damu nyepesi husambaa zaidi karatasini, kisahani kikabeba damu pungufu.

Kwa hiyo sikubali kimeng'enya kimoja kiamue. Kwanza hutaka kimeng'enya cha pili, kisichohusika na Gaucher, kipimwe kwenye kadi ileile. Vikiwa chini vyote viwili, nashuku kadi, na tunatoa damu upya. Pili, na hiki ndicho ninachokiamini zaidi, hutaka laiso-Gb1. Hayo ni mabaki ya mafuta yaleyale yasiyovunjwa. Kwa mgonjwa wa Gaucher hupanda mara nyingi kupita kawaida, na hustahimili safari kuliko kimeng'enya. Kadi iliyoharibika inaweza kukishusha kimeng'enya, lakini haiwezi kuyatengeneza mabaki hayo. Yakiwa juu, kadi hiyohiyo hutumika kusoma jeni ya GBA1, inayobeba maelekezo ya kukitengeneza kimeng'enya hicho.

Dawa ya kurudisha kimeng'enya kwa dripu ipo tangu 1991, ghali mno, na mgonjwa huitumia maisha yake yote. Siwezi kumwambia mzazi neno zito kama hilo kwa kadi iliyofungwa mbichi.

Wenzangu wa vituoni, nawaombeni: andikeni kwenye kadi saa mliyotoa damu na saa mliyoifunga, na msisahau vifuko vya kunyonya unyevu.