Je, wajua fimbo ya LED huchoraje bendera hewani?

Ikishikwa tu mkononi, fimbo ya LED wanayochezea wanasarakasi haina picha yoyote. Ni safu moja ya vitaa. Izungushwe gizani, na bendera ya Kenya inajitokeza hewani, ngao na mikuki yake. Inatoka wapi?

Inatoka kwenye faili. Mchezaji huandaa picha kwa simu au kompyuta, kisha huipunguza kimo kilingane na idadi ya taa: fimbo ya taa 40 hutaka picha yenye kimo cha pikseli 40. Chipu iliyo ndani huikatakata picha kuwa mistari ya wima na kuiwasha mmoja mmoja. Tuseme mistari ni 100 na fimbo inazunguka mara 2 kwa sekunde. Kila mstari huwaka kwa milisekunde 5 tu. Mstari mmoja haujafutika machoni, mingine imeshawadia, nawe unaiona bendera. Poi, mipira ya kamba yenye asili kwa Wamaori wa New Zealand, ikiwekwa taa hizi hufuata kanuni hiyohiyo.

Bendera yetu, hata hivyo, ina mtego. Hakuna taa nyeusi: nyeusi ni taa iliyozimwa. Ule ukanda mweusi ukiwa upande wa ncha humezwa na giza, ikabaki nyekundu na kijani. Dawa yake ni kuongeza mstari mwembamba mweupe pembezoni kabla ya kuipakia picha.

Kisha kuna suala la taa zenyewe. LED hizi hufifishwa kwa kuwashwa na kuzimwa upesi sana. Ukienda Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, kununua ukanda wa taa, uliza chipu yake. WS2812 ya kawaida hupepesa kama mara 400 kwa sekunde, na ncha inayokwenda mita 7 kwa sekunde husogea karibu sentimita 2 kati ya mpepeso mmoja na mwingine. Rangi iliyofifishwa huonekana vipandevipande. APA102 hupepesa takriban mara 20,000. Ni ghali zaidi, lakini kwa picha mimi singehangaika na ile nyingine.

Usishangae video ya simu ikionyesha kipande tu. Kwa fremu 30 kwa sekunde, na fimbo ikizunguka mara 2 zilezile, kila fremu hunasa, ikizidi sana, sehemu 1 kati ya 15 za mzunguko. Piga picha ya kawaida, lenzi ikiachwa wazi nusu sekunde, na duara lote litaingia.