Hiyo si homa ya tumbo

Jumapili tulikuwa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa shangazi, kumuaga binamu. Amepata mkataba wa kuhudumu mezani kwenye meli ya kitalii inayong'oa nanga Miami na kuzunguka visiwa vya Karibi. Chapati zikaliwa, chai ikamiminwa, maombi yakafanywa. Kisha shangazi akafungua mfuko wa kemisti na kupanga vitu mezani kimoja kimoja: chupa sita za sanitaiza, paketi mbili za antibiotiki. "Nasikia huko melini kuna homa ya tumbo," akasema. "Nimemwambia yule kijana wa kemisti hivyo hivyo, akanipa hizi."

Nilinyamaza kwa sababu mchungaji alikuwa bado hajaondoka. Lakini hiyo ilikuwa mara yangu ya tatu mwezi huu kusikia meli za kitalii na "homa ya tumbo" katika sentensi moja. Mara ya kwanza ilikuwa redioni, ndani ya matatu. Ya pili ilikuwa kwenye kijikaratasi cha afya nilicholetewa nihariri, maana kazi yangu ni hiyo, kusahihisha tafsiri za mambo ya hospitali. Jina hilo nililipiga mstari mwekundu, nao ukarudi umefutwa na alama ya kuuliza kando yake. Basi jibu la alama hiyo ndilo hili.

Maana kwanza, haraka. Ugonjwa unaosumbua meli hizo mara nyingi husababishwa na norovirusi, virusi vinavyoshambulia utumbo mdogo. Mtu hutapika ghafla, huendesha maji matupu, tumbo humsokota. Huanza saa 12 hadi 48 baada ya vijidudu kuingia mwilini na wengi hupata nafuu ndani ya siku 1 hadi 3. Hakuna dawa ya kuviua wala chanjo. Tiba ni kurudisha maji na chumvi mwilini, funda kwa funda, na kuwaangalia kwa makini watoto na wazee kwa sababu hao hukaukiwa upesi.

Homa ya matumbo ni kitu kingine. Hiyo ni taifodi, na inaletwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Huchukua wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza, huanza polepole, joto likipanda siku baada ya siku, kichwa kikiuma, mtu akilegea. Usipoitibu kwa antibiotiki inaweza kuua. Magonjwa haya mawili yanatumia mlango mmoja, kinyesi kufika kinywani, ila ukishaupita mlango huo hakuna linalofanana. Mtu aliyepanda meli Jumamosi akaanza kutapika Jumatatu usiku hawezi kuwa ameokota taifodi humo melini. Hesabu ya siku inakataa.

Sasa, vilichanganyika vipi? Kosa lenyewe limeanzia kwa wasemaji wa Kiingereza. Wao wana desturi ya kuuita ugonjwa huu wa kutapika "flu ya tumbo", na hata kwao jina hilo ni kosa, kwa kuwa flu ni ugonjwa wa njia ya hewa na haina habari na utumbo. Neno lao refu, influenza, walilitoa Italia, ambako lilimaanisha athari, yaani athari ya nyota juu ya afya za watu, enzi ambazo magonjwa yalisomwa angani. Nyota zikaachwa, jina likabaki puani na kifuani. Baadaye mtu akalishusha tumboni kwa mazoea tu.

Kisha akaja mtafsiri wetu. Akaona "flu", akaandika "homa". Na hapa siwezi kumlaumu sana, kwa sababu Nairobi ukisema una homa, wenzako wanakuletea leso na tangawizi. Kwetu homa ni kamasi na kupiga chafya. Lakini neno lenyewe ni la Kiarabu, hummaa, na maana yake ni joto la mwili. Ukienda Mombasa, au ukivuka mpaka kwenda Tanga, ukamwambia muuguzi una homa, ataleta kipimajoto. Kamasi wao huziita mafua. Sisi wa bara tuliposhusha homa kutoka kwenye joto hadi kwenye pua tulisahau kwamba majina ya magonjwa yalikwisha kupangwa kwa maana ile ya zamani: homa ya manjano, homa ya Bonde la Ufa, homa ya matumbo. Katika yote hayo homa ni joto. Ile ya Bonde la Ufa, ambayo wataalamu waliieleza mwaka 1931 baada ya kondoo kufa karibu na Naivasha, haimaanishi kwamba bonde lina kamasi.

Kwa hiyo "flu ya tumbo" ikageuka "homa ya tumbo", na kiti hicho kilikuwa na mwenyewe. Nakubali kuna walioandika "tumbo" kwa umoja wakidhani wamekwepa "matumbo". Masikio ya kemisti hayapimi umoja na wingi. Tena kwa Mnairobi matumbo ni yale yanayopikwa kibandani na kuliwa na ugali, hivyo kuna watu wazima kabisa wanaoamini homa ya matumbo huletwa na kula matumbo. Hiyo tuiache leo.

Kuna sababu nyingine ambayo sijawahi kuona ikiandikwa. Watu wanalikimbia neno "virusi". Kizazi changu kililipata neno hilo shuleni na kwenye mabango, na daima lilikuja na mwenzake: virusi vya Ukimwi. Mpaka leo ukisema mtaani "fulani ana virusi", hakuna anayeuliza virusi gani. Sauti zinashuka. Jumapili ile ile nilijaribu kumwambia shangazi kwa unyenyekevu, "Shangazi, hivyo ni virusi," akanikanyaga mguu chini ya meza na kumtazama mchungaji. Basi watu wanatafuta neno la adabu, na homa ya tumbo ina adabu. Ni neno lisiloaibisha mtu. Ila virusi ni kundi kubwa: vya mafua, vya surua, vya polio, vya korona. Kwa Kilatini neno lilimaanisha sumu au ute wa kuchukiza, halikuwa na ugonjwa mmoja. Sisi tukalipokea, tukaona lina "vi" mwanzoni, tukasema hii ni wingi, tukalizalia umoja wake: kirusi. Ni mtindo wetu wa siku nyingi; kitabu cha Waarabu tulikifanyia vivyo hivyo tukapata vitabu. Sioni ubaya, ingawa mara ya kwanza niliposoma "kirusi hiki ni hatari" nilifikiri wanasema lugha ya Moscow.

Tofauti hii ingekuwa ya wahariri peke yao kama isingefika kwenye mfuko wa shangazi. Tazama vile vidonge. Antibiotiki huua bakteria, na kwa norovirusi ni kama kumtilia mbu chambo cha panya. Vitamharibia binamu tumbo bure, na matumizi ya ovyo ndiyo yanayowazoesha bakteria dawa, hata siku taifodi ya kweli ikija vidonge vishindwe. Nairobi tuna tatizo hili tayari. Mtu akiumwa na tumbo anapimwa Widal, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa Fernand Widal tangu 1896, anaambiwa ana taifodi, anabeba dawa. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza kupigana na vijidudu, na kingamwili huweza kubaki damuni kutokana na ugonjwa wa zamani au kuchokozwa na vijidudu vingine. Nusu ya ukoo wetu "imeugua taifodi" kwa karatasi ya Widal. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, nacho kinataka siku kadhaa, na nani ana subira hiyo akiwa ameshika tumbo.

Kisha zile chupa sita. Sanitaiza ilitufaa wakati wa korona kwa sababu virusi vya korona vimevaa ganda la mafuta, na spiriti huliyeyusha. Norovirusi havina ganda hilo. Vimefungwa kwa protini ngumu tu, na spiriti inavipita bila kuvifanya kitu cha maana. Kinachofaa ni sabuni na maji yanayotiririka, kusugua kwa sekunde 20 au zaidi, hasa katikati ya vidole na chini ya kucha. Sabuni haiviui pia. Inavilegeza kwenye ngozi, maji yanavibeba. Ndiyo maana beseni la maji yaliyotulia, la kupokezana mezani wageni kumi, halisaidii kama birika linalomiminwa juu ya mikono. Bibi zetu wa pwani walimimina bila kuambiwa habari za protini. Sakafu na vyuma vya ngazi vinataka jik, si spiriti. Na inakadiriwa kwamba chembe chini ya 100 zinatosha kumwangusha mtu, huku tone dogo la matapishi likibeba nyingi mno. Mtu akitapika ukumbini, usisimame kutazama. Ondoka, nawa, waache wenye glavu.

Neno lingine linaloniudhi, kwa uchache, ni "ugonjwa wa melini", kana kwamba bahari ndiyo inayouzaa. Jina norovirusi lenyewe linashuhudia kinyume. Limetoka Norwalk, mji wa Ohio, Marekani, mbali na bahari. Mwaka 1968 ugonjwa wa kutapika uliwakumba wanafunzi na walimu wa shule ya msingi mjini humo. Sampuli zikahifadhiwa, na mwaka 1972 Albert Kapikian na wenzake wakaviona virusi kwa hadubini ya elektroni. Vikaitwa virusi vya Norwalk. Ilipofika 2002 jina la kundi zima likafupishwa kuwa norovirusi. Tena huko Marekani milipuko inayoripotiwa kutoka meli za kitalii ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote ya norovirusi. Mingi hutokea kwenye nyumba za kutunzia wazee, hospitali, mikahawa na shule.

Meli zinasikika kwa sababu zinahesabiwa. Tangu miaka ya 1970 CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, lina mpango wa kukagua usafi wa meli za kitalii zinazotia nanga kwao. Nahodha anapaswa kuripoti wagonjwa wa tumbo, na wakifika asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi, jina la meli hutangazwa hadharani. Hebu fikiria kama kila shule ya bweni nchini ingetangazwa watoto watatu katika kila mia wakiendesha. Hata hivyo meli ina mazingira yake: maelfu ya watu, ngazi zile zile, bafe ile ile, na kijiko kimoja cha kupakulia wali kilichoshikwa na mikono mia nne kabla ya wako. Binamu nimemwambia anawe baada ya kushika kijiko na kabla ya kula, si kabla ya kupanga foleni peke yake. Chaza wabichi awaache. Norovirusi huvumilia hata joto la nyuzi 60, na chaza aliyepitishwa kwenye mvuke kidogo bado anaweza kuvibeba.

Kichefuchefu cha mawimbi pia asikichanganye. Hicho hakiharishi mtu.

Jambo ambalo limemshtua binamu ni la kazi. Akiumwa asijifiche. Mfanyakazi anayeshika chakula hutengwa mpaka zipite angalau saa 48 tangu dalili ziishe, na sababu si ukali wa mabosi: mtu aliyepona huendelea kutoa virusi chooni kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki mbili au zaidi. Aliniuliza kama watamkata mshahara. Nikamwambia aulize kabla ya kutia sahihi, ajue mapema, maana hofu ya mshahara ndiyo inayowafanya vijana wavae sare wakiwa bado wanatapika.

Kwa shangazi nimerudi juzi, peke yangu, bila mchungaji. Nikamwambia: "Shangazi, ukitaka kusema bila aibu, sema tumbo la kutapika na kuendesha, kila mtu ataelewa. Ukitaka jina la kitabuni, sema norovirusi. Homa ya matumbo tumwachie taifodi." Akafikiri kidogo, akauliza atamwambia nini yule kijana wa kemisti. Nikamwambia akifika pale asitaje jina la ugonjwa kabisa. Aseme tu mgonjwa ameanza lini, anatapika au hatapiki, na kama ana joto. Akachukua kalamu akayaandika nyuma ya risiti ya zile antibiotiki.