Dawa ni ya kichwa, mbona inanivuruga tumbo?

Hilo ndo swali naloulizwa kuliko yote pale kliniki. Mwingine anauliza mbona nanenepa, mwingine mbona maziwa yananitoka na sijazaa, mwingine, na huyu kwa kawaida anasubiri kwanza mke wake atoke nje, mbona kitandani mambo hayaendi. Yanaonekana maswali tofauti kabisa ila mzizi wake ni mmoja, na ukiushika huo basi dawa nyingi za magonjwa ya akili hazitakushangaza tena.

Kidonge hakijui kimeandikiwa ugonjwa gani. Ukikimeza kinaingia kwenye damu na damu inakifikisha kila mahali, ubongo, utumbo, figo, kote. Afu zile kemikali ambazo seli za ubongo zinatumia kupeana taarifa, serotonini, dopamini, histamini na wenzao, sio mali ya ubongo peke yake, mwili unazitumia sehemu nyingine kwa kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo maudhi mengi ya dawa ni kazi ileile ya dawa, ila imefanyika mahali ambapo hukuihitaji.

Chukua serotonini. Karibu asilimia 90 ya serotonini yote ya mwilini iko kwenye utumbo, kule inasaidia kusukuma chakula. Sasa umeandikiwa fluoksetini au sertralini kwa ajili ya sonona au wasiwasi uliopitiliza, dawa hizi zinaziba mlango ambao seli inautumia kuirudisha serotonini ndani baada ya kuitoa, matokeo yake inabaki nyingi pale nje. Kichwani ndo tunachotaka. Tumboni sasa, kichefuchefu na kuharisha, na hii inaanza siku za mwanzo tu, kwa wengi inapungua yenyewe ndani ya wiki moja mbili. Kumeza pamoja na chakula kunasaidia. Ile ya kitandani, hamu kupungua au kuchelewa sana kufika, yenyewe haiondoki kirahisi hivyo na wala usiione aibu kuisema maana tunaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Usiponiambia sitajua, na wengi hawasemi, wanaacha tu dawa kimyakimya.

Halafu kuna jambo linalowachosha watu kweli. Serotonini inapanda ndani ya masaa machache tu toka umeze, lakini nafuu yenyewe inaanza kuonekana wiki ya pili mpaka ya nne, wengine mpaka ya sita au ya nane. Kwa nini? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli inayotoa serotonini ina vipokezi vyake yenyewe, yaani sehemu za seli zinazopokea hizo kemikali, vya kuchunga kiasi, vikiona imezidi vinaiambia punguza, kwa hiyo mwanzoni dawa inaongeza na seli inabana, wanavutana hivyo mpaka vile vipokezi vizoee na kulegea, na baada ya hapo bado ubongo unahitaji muda wa kujipanga upya. Yaani unapata maudhi kwanza, faida baadaye. Ndo maana naona ni kosa kubwa kumpa mtu hizi dawa bila kumwambia hili, kuna wenzangu wanasema ukimtajia maudhi ataogopa, mimi naona anayetupa vidonge ni yule aliyeshtukizwa.

Na wiki hizo za mwanzo mtu anatakiwa aangaliwe kwa karibu, hasa vijana chini ya miaka 25, maana baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla hali haijatulia. Akianza kuwa na fadhaa isiyo ya kawaida, halali, hatulii, au anazungumzia kufa, usisubiri tarehe ya kliniki, mlete siku hiyohiyo.

Tuje kwa dopamini, hapa ndo kuna mambo. Dawa za kutuliza saikosisi, yaani mtu anayesikia sauti au kuamini watu wanamfuatilia, karibu zote zinakaa kwenye vipokezi vya dopamini na kuvizuia. Ya kwanza ilikuwa klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na kumbe kabla ya hapo daktari mmoja wa upasuaji alikuwa anaijaribu kwa wagonjwa wake wa opresheni akaona wanakuwa watulivu ajabu. Sasa dopamini ina njia kadhaa ubongoni. Njia moja inahusika na zile sauti na shuku, nyingine inaongoza mijongeo ya mwili, nyingine inaizuia homoni ya maziwa isitoke ovyo. Dawa inaziba zote. Unaona sasa maziwa yanatokea wapi? Na hedhi kukatika pia ni hukohuko.

Upande wa mijongeo picha za ubongo zimetuonyesha kitu kizuri sana, kwamba dawa nyingi hizi zinahitaji kuziba kama asilimia 65 ya vipokezi ndo zifanye kazi, ila zikivuka karibu 80 mwili unaanza kukakamaa, mikono kutetemeka, kutembea kama roboti. Nafasi ya katikati ni ndogo! Kwa hiyo kuongeza dozi ya haloperidoli, mojawapo ya dawa za zamani za saikosisi, kwa sababu mgonjwa bado ana fujo mara nyingi hakuongezi nafuu, kunaongeza ukakamavu tu. Kuna shingo kupinda ghafla au macho kugeuka juu yakagoma kurudi, familia inakimbia na mgonjwa wakidhani kapandwa na kitu, kumbe ni dawa na sindano moja inairudisha ndani ya muda mfupi. Ila ninayoiogopa mimi ni ile ya kushindwa kutulia, mtu anakaa anasimama, anatembea huku na kule, ndani anasikia kama anaungua, watu wanasema ugonjwa umezidi na anaongezewa dozi. Inatakiwa ipunguzwe.

Dawa mpya kama olanzapini zinakakamaza kidogo kuliko haloperidoli, sawa, lakini zinagusa na histamini, hivyo usingizi, njaa isiyoisha, kilo zinapanda na sukari nayo inapanda. Ndo maana napima uzito na sukari hata kama umekuja kwa ajili ya sauti. Klozapini, ambayo inasaidia pale nyingine zimeshindwa, iliondolewa sokoni nchi nyingi baada ya vifo Finland mwaka 1975 kwa sababu inaweza kuangusha seli nyeupe za damu, ikarudi baadaye kwa masharti ya kupima damu, mwanzoni kila wiki. Ukiwa nayo, homa au koo kuuma sio kitu cha kunywea panado ukalala. Na choo kigumu pia kiseme mapema, utumbo ukisimama kabisa unaweza kuua.

Lithiamu, dawa ya wale ambao hisia zao zinapanda na kushuka kupita kiasi, ni habari nyingine. Ni chumvi, na figo inaichukulia kama chumvi ya kawaida, sasa ukiharisha, ukitapika au ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, figo inaing'ang'ania chumvi na lithiamu inabaki nayo. Tunataka iwe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita ya damu, ikipita 1.5 tayari ni hatari, mikono inatetemeka sana, mtu anayumba, anaongea kama mlevi. Dawa za maumivu kama dayklofenaki na ibuprofeni nazo zinaipandisha, na hizi watu wananunua wenyewe mgongo ukiuma. Uliza kwanza.

Mwisho kuhusu kuacha. Fluoksetini inakaa mwilini wiki kadhaa hivyo inajipunguza yenyewe taratibu, ila venlafaksini, nayo ya sonona, inatoka haraka mno, ukiruka siku moja tu unaweza kupata kizunguzungu na vishoti kama vya umeme kichwani, hivyo inashushwa kidogo kidogo. Diazepamu na ndugu zake, zile za kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, kama umezitumia muda mrefu usizikate ghafla hata siku moja, unaweza kupata degedege. Njoo tupange ratiba ya kushusha, hata kama umeshaamua kwamba huitaki.