Usajili wa pamoja wa nyimbo za albamu: maana yake ni nini?

Usajili wa pamoja wa nyimbo za albamu ni utaratibu unaomruhusu mwenye haki kuandikisha nyimbo kadhaa zilizotoka kwenye albamu moja kwa fomu moja na ada moja. Kinachounganishwa ni makaratasi tu. Haki zenyewe haziungani: kila wimbo unabaki na hakimiliki yake, na unaweza kuuzwa, kukodishwa au kugombewa mahakamani peke yake. Watu wengi wanaoachia albamu hapa Dodoma, kuanzia kwaya za Kizota na Chang'ombe hadi vijana wa Area C wanaorekodi kwenye chumba kimoja chenye magodoro ukutani, huzungumzia "kusajili albamu" kana kwamba albamu ni mali moja yenye mwenyewe mmoja. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kabla ya fomu yoyote, inafaa kujua kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa una tabaka mbili za haki. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodia, yaani kile ambacho kwaya nyingine ingeweza kukijifunza na kukiimba bila kuigusa rekodi yenu. Hiyo ndiyo hakimiliki ya mtunzi. Ya pili ni rekodi yenyewe, sauti zilizonaswa studio siku ile, na vinanda na kila kitu kilichopigwa. Kwetu haki za waimbaji na watayarishaji wa rekodi huitwa hakishiriki, na ndiyo maana sheria yetu ya mwaka 1999 imebeba majina yote mawili: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Albamu ya nyimbo kumi, basi, ina kazi ishirini za kuzijua mwenyewe ni nani, kabla hujahesabu picha ya jalada na maandishi yaliyomo ndani yake.

Swali linalofuata huwa ni hili: nisiposajili, nimepoteza? Mkazi wa Dodoma anaijua hati ya kiwanja. Unaweza kulima, kuzungusha uzio na kujenga, lakini mwenzako akitokea na hati yenye namba ya kiwanja hichohicho, kazi unayo. Cheti cha hakimiliki hakifanyi kazi hivyo. Sheria yetu inalinda kazi kwa sababu tu imetungwa; haisubiri mhuri. Ulinzi huo unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, inatunza daftari la kazi na kutoa cheti, na cheti hicho ni ushahidi: kinaonyesha kwamba tarehe fulani mtu fulani alijitokeza akasema kazi hii ni yangu. Ni ushahidi mzuri, na mimi namshauri kila anayetunga aende akaupate. Lakini aliyeiba wimbo akawahi kuusajili hajawa mtunzi. Mtunzi halisi akileta rasimu zake, ujumbe wa sauti aliomtumia mwalimu wa kwaya na mashahidi wa mazoezi, cheti kinaweza kuanguka.

Hapa pia watu huchanganya ofisi. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, linashughulika na msanii na shughuli zake za sanaa: usajili wake na vibali vyake. Kuwa na kibali cha BASATA hakuthibitishi kwamba wimbo ni wako. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA.

Utaratibu wa pamoja ulioandikiwa masharti yake mahususi kwa albamu za muziki ni wa Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, na ulianza Machi 2021. Kwa dola 65 unaweza kuandikisha hadi tungo 20 kwenye ombi moja, au hadi rekodi 20 kwenye ombi jingine. Angalia neno "au". Tungo na rekodi haziingii fomu moja. Ukitaka zote mbili, unajaza mara mbili na kulipa mara mbili. Fomu ya rekodi ina nafasi ya ziada: unaweza kuweka humo picha ya jalada na maandishi yaliyotoka pamoja na albamu.

Masharti yake ni machache lakini yanabana. Nyimbo zote ziwe zimetoka kwenye albamu hiyohiyo, na albamu kwao ni kitu kimoja kinachosambazwa, iwe santuri au faili za mtandaoni, chenye kazi mbili au zaidi. Ziwe na mtunzi yuleyule, au walau mtunzi mmoja anayejitokeza kwenye kila wimbo. Na anayedai haki awe mmoja kwa kazi zote zilizomo kwenye ombi. Sharti la mtunzi wa pamoja ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo tulipigie hesabu.

Tuseme kwaya imetoa albamu ya nyimbo kumi. Saba zimetungwa na mwalimu wa kwaya. Mbili ametunga mama mmoja wa sauti ya pili, peke yake, nyumbani. Ya kumi ni wimbo wa zamani wa Kigogo ambao mwalimu ameupanga upya kwa sauti nne. Kwenye tungo, saba za mwalimu zinaingia ombi moja, na mpangilio wake wa ule wimbo wa jadi unaweza kuungana nazo, ila anachodai pale ni mpangilio tu, wimbo wenyewe haumhusu. Zile mbili za mama haziwezi kupanda gari la mwalimu, kwa sababu hakuna jina linalozifunga pamoja na nyingine. Zinahitaji ombi la pili. Kisha kuna rekodi kumi, ambazo kwaya inaimba zote: ombi la tatu. Jumla dola 195 kwa albamu moja. Ingekuwa mama na mwalimu walitunga zile mbili kwa pamoja kweli, zingeingia kundi la kwanza endapo wangekuwa wamekubaliana pia kuhusu nani anadai haki. Lakini kumwandika mwalimu kuwa mtunzi mwenza ili kuokoa ada ni kutoa taarifa ya uongo kwenye daftari la serikali ya watu, na zaidi ya hapo ni kumpa mwalimu sehemu ya mapato ya nyimbo ambazo hakutunga. Nimeona watu wazima wakilifanya hili kwa roho nyeupe kabisa, eti "tusimsumbue mama na mambo ya fomu".

Na hiyo "kwaya" inayodai rekodi ni nani? Kama ni kikundi kisichosajiliwa popote, au ni idara ya usharika, jina lililoandikwa kwenye jalada linaweza lisiwe la mtu wala taasisi inayoweza kushika mali. Hilo linatakiwa kumalizwa kwenye kikao, kwa maandishi na sahihi, kabla ya kurekodi. Baada ya albamu kupata wasikilizaji, kikao hicho huwa kirefu sana.

Sasa, mtu wa Dodoma anatafuta nini Marekani? Kwa ulinzi wa msingi, hahitaji chochote. Tanzania iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1994, na nchi wanachama zinalindiana kazi bila kudai usajili kwanza. Ukikuta mtu amepandisha wimbo wako YouTube, unaweza kutuma taarifa ya kutaka uondolewe bila kuwa na cheti cha nchi yoyote. Ila sheria ya Marekani ya kuondoa kazi mtandaoni, ambayo YouTube inaifuata, ina meno ya pande zote: aliyeondolewa akituma pingamizi, huduma inaweza kuurudisha wimbo baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa wewe umefungua kesi. Kwa kazi za Wamarekani wenyewe, kesi haifunguliwi kabla usajili haujakamilika. Mahakama yao ya Juu ilisisitiza hivyo mwaka 2019. Kazi za nje hazibanwi na sharti hilo.

Kinachowabana wageni ni fidia. Sheria ya Marekani inaruhusu mwenye haki kuchagua fidia iliyotajwa na sheria badala ya kuthibitisha hasara senti kwa senti: dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama aliyeiba alifanya kusudi. Kuipata, pamoja na gharama za wakili, ni lazima kazi iwe ilisajiliwa kabla ya wizi kuanza, au ndani ya miezi mitatu tangu ilipotoka. Sharti hili linamhusu hata mgeni. Kwa kwaya isiyo na wasikilizaji nje ya kanda ya kati, dola 195 ni nauli ya bure. Pesa hiyo ingenunua maikrofoni. Kwa msanii ambaye nyimbo zake zimeanza kusikilizwa Marekani au kuombwa kwenye filamu na matangazo, ni tahadhari ya bei nafuu, na inatakiwa ifanyike ndani ya miezi hiyo mitatu.

Maneno "kwa kila kazi" yanaleta jambo ambalo hata wanasheria hubishania. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inahesabu kila wimbo kwenye usajili wa pamoja kuwa umesajiliwa kivyake. Lakini mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliamua kesi ya watunzi walioibiwa albamu mbili, ikasema walizitoa kama albamu, basi fidia ihesabiwe kwa albamu na si kwa wimbo. Waliambulia dola 2,400. Mwaka 2016 mahakama hiyohiyo, kwenye kesi nyingine, ilikubali fidia ya wimbo mmoja mmoja kwa nyimbo zilizokuwa zimetolewa pia kama singo. Kwa hiyo ile tabia ya wasanii wetu ya kuachia singo kwanza, ambayo wazee wa kwaya huiona ni haraka ya vijana, ina faida ambayo hakuna aliyeipanga.

Kama albamu bado haijatoka, kuna mlango mwingine: kundi la kazi ambazo hazijachapishwa, hadi 10, kwa dola 85. Huo unafungwa siku mnapoachia. Hakuna kuchanganya nyimbo zilizotoka na zilizobaki kwenye kompyuta ya prodyuza.

Turudi kwenye ule wimbo wa kumi, kwa sababu kanda yetu ina utajiri wa namna hiyo. Muziki wa Kigogo, na zeze zake, ilimba zake na ngoma za muheme zinazopigwa na wanawake, umefika majukwaa ya dunia. Hukwe Zawose, aliyetoka Dodoma na kufariki mwaka 2003, aliupeleka mbali kuliko wengi. Ukiuchukua wimbo wa mavuno wa vijijini Chamwino ukaupiga kinanda, hujawa mtunzi wake. Rekodi yako ni yako, mpangilio wako unaweza kuwa wako ukiwa na ubunifu wa kweli, lakini melodia ile si yako na kijiji kingine kina uhuru wa kuiimba. Sheria yetu ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi, na matumizi yake ya kibiashara nje ya mazingira yake ya asili yanahitaji kibali. Kuandika "mtunzi: mimi" kwenye wimbo ambao bibi zako waliucheza ni dai ambalo mzee mmoja tu kutoka kijijini anaweza kulivunja.

Biti za kukodi zina tatizo la sura hiyohiyo. Kijana ananunua mdundo mtandaoni kwa bei ya chee, anaimba juu yake, kisha anadai wimbo wote. Mara nyingi alichonunua ni ruhusa ya kutumia, na mdundo uleule umeuzwa kwa wengine kumi na tano. Kwenye usajili anadai alichokiongeza, yaani maneno na melodia ya kuimba, na mdundo anautaja kuwa haumo kwenye dai lake.

Namba za ISRC, ambazo msambazaji wako wa mtandaoni hukupa kwa kila rekodi, zina herufi na tarakimu 12 na zinasaidia mapato kufuata rekodi sahihi. Hazisajili haki. Ziandike tu kwenye jedwali lako pamoja na jina la kila mtunzi, asilimia zake na tarehe ya kutoka. Jedwali hilo litakufaa COSOTA na litakufaa Washington.

Jambo la mwisho linawahusu sana watu wa kwaya, kwa sababu sisi huuza video kuliko sauti. Video haimo kwenye usajili wa pamoja wa albamu. Ni kazi nyingine, yenye mpiga picha, mhariri na pengine mwelekezaji, na kila mmoja anaweza kuwa na neno lake. Albamu ya nyimbo kumi yenye video nne ina kazi nyingine nne za kuandikisha, kila moja na maswali yaleyale ya nani alifanya nini na mlikubaliana nini.